Soya nyeusi imegoma bustanini? Soma dalili kabla hujakimbilia dawa

Wengi wanaopanda soya nyeusi za asili, yaani zile mbegu za kurithi ambazo unavuna unatunza unapanda tena, Tanba za Japani, seoritae za Korea, Black Jet za huku Marekani, wakikwama tu swali la kwanza ni "nipige dawa gani?" Na mara nyingi hakuna mdudu wala ugonjwa. Kuna mambo mawili yanayosumbua kuliko yote: mmea haujapatana na urefu wa siku wa hapo ulipo, au mizizi haina bakteria wake. Yote mawili hayatibiwi na pampu mgongoni. Mimi nalima nyuma ya nyumba Ohio kwa hiyo mifano mingi ni ya huku kwenye majira manne, lakini nyumbani Afrika Mashariki wapo wanaotafuta mbegu hizi na tatizo lao huwa kinyume kabisa na letu, nalo nitalifikia.

Una uhakika ni soya?

Swali la ajabu lakini linaokoa muda. Kenya njahi nazo ni nyeusi, na kwenye supamaketi za huku maharage meusi na soya nyeusi yanakaa rafu moja, kwa hiyo mtu anapanda kitu kimoja huku anasubiri kingine. Njahi ina ule mstari mweupe mnene ubavuni, huwezi kuukosa, na ikiota inatambaa inatafuta pa kupanda. Soya ni duara au yai kidogo, kikovu chake kidogo, na mmea wenyewe una manyoya karibu kila mahali, shina, majani, mpaka ganda, ukilishika linakwaruza vidole na ndani mna mbegu mbili au tatu. Kama ganda ni laini na refu lenye mbegu tano sita, hiyo siyo soya.

Umepanda, wiki mbili zimepita, hakuna kitu

Fukua. Usikae kubahatisha, chukua kijiti ufukue mbegu tatu nne uzitazame, kila sababu inaacha alama yake.

Mbegu imevimba imekuwa uji na inanuka: baridi au maji yamezidi. Soya inataka udongo wenye nyuzi 15 kwenda juu, ikifika 18 ndio raha yake. Hatari kubwa ni ile siku ya kwanza mbegu inapokunywa maji, ikinywa maji ya baridi chini ya nyuzi 10 inaumia ndani kwa ndani na hata kesho yake jua likiwaka halisaidii tena. Kwa hiyo sisi wa huku tusidanganywe na siku moja nzuri ya Aprili, chukua kipimajoto cha jikoni ukichomeke ardhini asubuhi, kina cha vidole viwili, usome. Huku kwetu ni katikati ya Mei kwenda mbele. Tanba hata Wajapani wenyewe wanaipanda Juni.

Na usiloweke usiku kucha. Najua tumezoea kuloweka kila kitu, lakini mbegu kubwa za soya zikizama majini muda mrefu zinakosa hewa, yale mapande mawili ya ndani yanapasuka, halafu zinaoza badala ya kuota. Tanba ndio mbaya zaidi kwa hilo kwa sababu ya ukubwa wake, mbegu 100 zinafika kama gramu 80 wakati soya ya kawaida iko gramu 15 mpaka 25 hivi. Mwagilia udongo siku moja kabla, panda mbegu kavu, kina cha sentimita 3, basi, acha unyevu wa ardhi ufanye kazi.

Mbegu iko vilevile, haijavimba wala haijaoza: udongo mkavu tu, mwagilia. Imevimba vizuri ila haikutoa mzizi: imekufa ya uzee. Soya haikai kama mahindi, ukiiacha kabatini jikoni kwenye joto na unyevu, mwaka wa pili imeshapungua nguvu na wa tatu unabahatisha. Kabla hujapanda cheki kumi ndani ya tishu ya jikoni iliyolowa, zifunge kwenye mfuko, weka mahali pa joto, baada ya siku tano sita hesabu. Zikiota sita panda kwa wingi, zikiota tatu tafuta mbegu nyingine.

Ina vitundu na kifunza cheupe ndani: huyo ni funza wa mbegu, anaitwa na samadi mbichi na udongo wa baridi. Hana dawa ya maana akishaingia, panda upya joto likipanda na mbolea iwe imeiva. Na ukikuta mche umejikunja chini ya udongo mgumu, shingo imekatika, ni ule ukoko unaotokea baada ya mvua kubwa. Soya inatoka kwa kusukuma kwa shingo na ikigonga ukoko inavunjika. Vunja ukoko taratibu kwa reki, ama tandaza mboji iliyochekechwa juu ya mstari badala ya udongo wa mfinyanzi.

Zimeota, asubuhi unakuta mashina matupu

Angalia mkato. Shina limelazwa chini limekatwa usawa wa ardhi, mche wenyewe uko hapohapo: sota, fukua pembeni sentimita mbili tatu utamkuta kajikunja. Yale majani mazito mawili ya kwanza yamenyofolewa, shina limebaki limesimama: ndege, njiwa au kunguru. Shina limekatwa safi kwa mshazari na mche haupo: sungura. Limechanwachanwa na kila kitu cha juu hakipo: kulungu, na hapo hakuna mjadala, ni wavu au uzio, soya ni peremende yake. Kwa ndege, funika na wavu wiki mbili za mwanzo tu au otesha kwenye trei uhamishe miche ikiwa na majani ya kweli mawili.

Majani yamekuwa ya njano

Hapa ndio watu wanatupa hela. Kwanza jibu swali moja, njano imeanzia wapi, majani ya chini ya zamani au ya juu machanga?

Ikiwa imeanzia chini, mmea mzima umepauka kijani cha kuchoka, umedumaa: ni njaa ya naitrojeni, na kwa soya maana yake karibu kila mara ni kwamba mizizi haina vinundu. Chimba mmea mmoja, chimba, using'oe, ukivuta vinundu vinabaki ardhini halafu utasema havipo. Uoshe mizizi polepole kwenye ndoo ya maji. Wiki ya nne au ya tano tangu kuota unatakiwa kuona vinundu duara vimeshikilia mizizi, hasa karibu na shina. Kipasue kimoja kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu au waridi kama nyama, kinafanya kazi, huo wekundu ni aina ya himoglobini ambayo mmea unaitumia kudhibiti hewa ya oksijeni humo ndani. Cheupe, bado kichanga. Cha kijani au kahawia kilicholegea, kimemaliza muda wake au mmea umepata shida.

Kama hakuna kinundu hata kimoja, sababu iko hivi. Soya inataka bakteria wake maalumu, Bradyrhizobium, asili yake ni Asia Mashariki kama soya yenyewe, na kama bustani yako haijawahi kupandwa soya uwezekano mkubwa hayupo kwenye udongo. Kunde, karanga, maharage hazikusaidii, hao wana wa kwao. Ndio maana watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki kule Ibadan, Nigeria, walikaa wakazalisha soya za TGx ambazo zinakubali bakteria wa kienyeji wa udongo wa Afrika. Hizi nyeusi za Japani na Korea hazikupitia hiyo shule, ni za kuchagua. Kwa hiyo nunua unga wa bakteria, Kenya kuna Biofix inayotengenezwa Nakuru, huku ziko pakiti ndogo za bustani, ila soma lebo iwe ni ya soya na sio ya njegere na maharage, na cheki tarehe. Ni viumbe hai, ukiviacha kwenye gari juani umenunua vumbi. Lowesha mbegu kidogo sana na maji yenye sukari, nyunyiza unga, changanya kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu.

Mmea ambao umeshakua bila vinundu unaweza kuumalizia msimu kwa mbolea, mboji iliyoiva au naitrojeni kidogo pembeni ya mstari, ndio bakteria utawaweka msimu ujao. Lakini usirundike mbolea ya naitrojeni tangu mwanzo eti kwa tahadhari. Soya ikipata naitrojeni ya bure inaacha kulisha vinundu, halafu unapata majani tu.

Kuna kitu kingine unaweza kukiona kwenye mizizi hiyohiyo ukadhani ni vinundu. Kinundu kimebandikwa pembeni ya mzizi, ukikisukuma kwa kidole kinabanduka. Ukikuta mzizi wenyewe ndio umevimba, nundunundu zisizobanduka, ni minyoo fundo. Na ukiona vitone vidogo mno vya krimu au njano, vidogo kuliko kichwa cha pini, wengi, ni minyoo ya uvimbe ya soya, huku Marekani ilionekana mara ya kwanza North Carolina mwaka 1954 na mpaka leo ndio adui namba moja wa zao hili. Raha ni kwamba kinga kubwa ya kwanza iliyotumika kupambana nayo ilitoka kwa soya nyeusi ndogo ya zamani inayoitwa Peking, yaani hizi za asili watu wanazoziona kama mapambo ndizo zilizookoa mashamba makubwa. Haimaanishi Tanba yako ina kinga hiyo. Ukiwa nayo, hamisha kitanda, usipande soya wala maharage hapo miaka kadhaa, weka mahindi.

Ikiwa njano imeanzia juu, majani machanga yamepauka lakini mishipa imebaki kijani: chuma. Sio kwamba udongo hauna chuma, ni kwamba pH, kile kipimo cha asidi ya udongo, imepanda, kuanzia 7.5 hivi, na mmea hauwezi kukichukua. Hii inawapata sana waliomwaga chokaa au majivu ya jiko kwa wingi kwa kuambiwa yanafukuza wadudu. Acha majivu, pima pH, punguza maji maana udongo uliolowa sana unazidisha hali hiyo.

Kingo za majani ya chini tu ndio njano halafu zinakauka, katikati kijani: imekosa potasiamu. Na kama ni Septemba au Oktoba mmea mzima unageuka njano na maganda yamejaa, huo sio ugonjwa, unakomaa, uache.

Mmea mkubwa, kijani kibichi, unapendeza, hakuna maua

Soya inahesabu urefu wa usiku. Usiku ukiwa mfupi inaendelea kujenga mwili, usiku ukirefuka kupita kiwango fulani inafungua maua, na kila mbegu ina kiwango chake. Mwaka 1920 Garner na Allard wa wizara ya kilimo ya Marekani waliandika habari hiyo baada ya kuhangaika na tumbaku moja isiyotoa maua na soya moja inayoitwa Biloxi. Walipanda Biloxi kwa tarehe tofautitofauti kuanzia masika mpaka katikati ya kiangazi, wakitegemea zilizowahi zitoe maua mapema, na zote zikaja kutoa maua karibu wakati mmoja, Septemba. Umri haukuwa na maana, usiku ndio ulioamua.

Sasa leta hiyo kwenye bustani yako. Tambasasayama, nyumbani kwa Tanba, iko karibu latitudo 35 kaskazini, Ohio ya kati iko 40. Siku zetu za kiangazi ni ndefu kuliko za kwao, kwa hiyo mmea unachelewa kupata ishara, halafu ukishatoa maua bado Tanba inataka kama siku 100 kutoka ua mpaka mbegu kavu, ndio maana Wajapani wanaivuna kavu Novemba kuelekea Desemba. Sisi jalidi, ule umande unaoganda asubuhi, inatufikia Oktoba. Piga hesabu mwenyewe. Sio kwamba umekosea mbolea, mbegu na mahali havijakutana. Seoritae ni hadithi ileile, ni ya kuchelewa.

Una njia tatu. Ya kwanza, kubali kuila ikiwa mbichi ndani ya ganda, uchemshe na chumvi, na hapo hujapoteza kitu kwa sababu hata Tambasasayama yenyewe mwanzoni mwa Oktoba watu wanapanga foleni barabarani kwa ajili ya hizo mbichi, mbegu ikiwa bado kijani inayoanza kupiga zambarau. Ya pili, panda aina ya kuwahi, Black Jet inakomaa kama miezi mitatu na nusu na mbegu zake ni ndogo ila unapata mavuno makavu ya uhakika. Ya tatu ni ya wavumilivu, kila msimu chukua mbegu za mmea uliowahi kuliko wenzake, hizo ndizo za kupanda mwakani.

Halafu kuna taa. Kama mstari mmoja umetoa maua na mwingine wa mbegu ileile hautaki, simama hapo saa tatu usiku uone mwanga unatoka wapi. Taa ya barabarani, taa ya geti, gereji ya jirani inayowaka mpaka asubuhi, zote zinaukatia mmea usiku. Haihitaji mwanga mkali. Kwenye mashamba makubwa huku unaona kabisa vuli ikifika, shamba zima limekauka rangi ya kahawia na chini ya nguzo ya taa kuna kiduara kimebaki kijani kama vile kimetengwa. Zima taa, weka ya sensa, au hamisha kitanda nyuma ya nyumba. Kufunika na turubai kila jioni inawezekana kwa mimea miwili mitatu, zaidi ya hapo utachoka.

Naitrojeni nyingi na kivuli navyo vinachelewesha, lakini ni vidogo ukilinganisha na hili la usiku.

Kinyume chake: mmea umetoa maua ukiwa hata magotini haujafika

Hii ni ya walioko Nairobi, Arusha, Kampala, Bujumbura. Usiku wenu ni masaa 12 mwaka mzima, kwa hiyo soya ya latitudo 35 au 40 ikiota tu inaona usiku mrefu inadhani vuli imefika, inakimbilia maua ikiwa na mwezi mmoja au pungufu, inabeba maganda machache yaliyogusa udongo, na inakufa. Hakuna mbolea itakayoirefusha, na kuikata ncha ndio unamaliza kabisa.

Kama ni bustani ndogo na umeme upo, dawa ni taa. Balbu moja ya kawaida juu ya kitanda, iwake kuanzia magharibi mpaka saa tatu au saa nne usiku, kila siku, kwa wiki tano sita za mwanzo, halafu izime moja kwa moja. Mmea utajenga mwili kwanza. Bila taa, panda kwa kubanana, sentimita 8 mpaka 10 kati ya mche na mche, kila mmoja utatoa kidogo lakini ni mingi. Na mahali pa baridi mmea unajivuta kidogo, unapata mwili kuliko pwani. Na tafadhali mbegu za nje zinahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, Kenya ni KEPHIS na Tanzania ni TPHPA, usizifiche kwenye begi la nguo maana magonjwa ya mbegu yanasafiri humohumo.

Soya sio ngeni kwetu, Tanganyika iliingia mwaka 1907 kupitia kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga. Ila zilizobaki ni zile zilizozoea siku zetu.

Maua yalikuwepo, yamedondoka

Tulia. Soya huangusha maua mengi tu kwa tabia yake, kupoteza nusu au zaidi ni kawaida, na ukiyakuta chini madogo ya zambarau au meupe usiogope. Hayahitaji nyuki pia, yanajichavusha kabla hata hayajafunguka, kwa hiyo kukosa nyuki sio sababu. Shida ipo yakidondoka karibu yote, na hapo ni kiu au joto la nyuzi 35 kwenda juu siku mfululizo. Kuanzia ua la kwanza mpaka ganda kujaa ndio wakati wa kutokukosa maji, kiasi cha sentimita 2.5 kwa wiki ukihesabu na mvua, yamwagwe chini kwa mara chache lakini yazame. Kule Tanba kiangazi kikikaza wanaachia maji yapite kwenye mifereji kati ya matuta. Kwenye palizi usichimbe karibu na shina kipindi hiki, mizizi ya juu inakatika.

Maganda yapo, ndani bapa

Lishike ganda ulielekeze kwenye jua. Mbegu imesinyaa na ganda lina alama ndogo kama limechomwa sindano: kunguni wanuka. Huku ni yule wa kahawia mwenye mapingili meupe kwenye papasi zake, aliingia Pennsylvania kutoka Asia mwishoni mwa miaka ya 1990, nyumbani ni yule wa kijani. Anafyonza mbegu changa na cha ajabu mmea uliofyonzwa unagoma kukauka, shina na majani vinabaki kijani mpaka baridi kwa sababu hauna mbegu za kulisha. Kwa hiyo ukiona kijani isiyoisha pamoja na maganda matupu usikimbilie lile jambo la taa, tafuta kunguni kwanza. Asubuhi mapema wakiwa wazito na baridi, shika ndoo ya maji ya sabuni chini, gonga shina, wanaanguka wenyewe. Tafuta pia mayai chini ya majani, yamepangwa kama mapipa madogo, ng'oa hilo jani. Dawa zinamsumbua kidogo tu anarudi kutoka kwa jirani.

Ganda halina alama lakini mbegu ya mwisho au zote zimekwama: maji yalikatika wakati wa kujaza, au msimu umeisha kabla haujamaliza.

Majani yametobolewa, yana vumbi, yana madoa

Matundu mengi kama leso ya lesi, na mbawakawa wa kijani cha kung'aa wenye mabawa ya shaba wamekaa juu ya jani mchana kweupe: mbawakawa wa Kijapani, huku tangu 1916. Soya inavumilia, hata jani likiliwa robo kabla ya maua mavuno hayatikisiki, kwa hiyo wakusanye kwenye ndoo asubuhi na uachane na ile mitego ya harufu inayouzwa dukani, inawaita wa mtaa mzima. Vidukari chini ya majani vinatosha maji ya bomba yenye nguvu. Majani yamefifia vitone vitone na chini kuna utando mwembamba wakati wa ukame: utitiri, nao hupungua ukilowesha majani.

Vidonda vidogo vya kahawia chini ya jani ambavyo vikisuguliwa vinaacha unga rangi ya kutu: kutu ya soya. Afrika Mashariki hii si mchezo, Uganda ilithibitishwa 1996 na ndio iliyowasukuma Chuo Kikuu cha Makerere kuzalisha zile soya za Maksoy zinazostahimili. Nyeusi za asili hazina huo ustahimilivu kwa kawaida. Tanua nafasi upepo upite, mwagilia chini, panda ili kujaza maganda kuangukie wakati mkavu, na majani yaliyoathirika uyatoe mapema.

Mmea mmoja mmoja unanyauka ghafla na shina kutoka chini limepiga kahawia kupanda juu: uozo wa mizizi wa udongo uliotuama maji. Ng'oa, usitie kwenye mboji, msimu ujao inua tuta. Kama kwenye shina kuna pamba nyeupe na vitu vyeusi kama kinyesi cha panya, ni ukungu mweupe, unatokea ukibananisha sana kwenye baridi na unyevu.

Mmea umelala

Tanba ikijenga mwili wake wote ni kichaka, sio soya ya kupanda kwa kubanana. Wajapani wenyewe wanaacha kama mita moja na nusu kati ya tuta na tuta na karibu nusu mita kati ya mche na mche, na wanapandishia udongo shinani mara mbili, mara ya kwanza kufunika pale palipokuwa majani mazito, ya pili mpaka karibu na jani la kwanza la kweli. Mizizi mipya inatoka hapo na mmea unasimama. Kama umeshalala tayari, kamba mbili pande zote za mstari na vigingi, usiubebe kwa nguvu shina litapasuka kwenye tawi.

Umevuna, lakini mbegu sio zile ulizozitarajia

Zina unga mweupe kama zimepata ukungu. Futa moja kwa kidole: ukitoka na chini ni nyeusi safi, ni nta ya mbegu yenyewe, Tanba nzuri inakuwa nao na wanunuzi wanaupenda. Ukungu wa kweli una manyoya, unanuka, na mbegu inakuwa nyepesi.

Ni nyekundu ya kahawia au zambarau badala ya nyeusi: umevuna mapema. Weusi unakuja mwishoni kabisa. Subiri ganda likauke na ukilitikisa mbegu zigonge ndani. Majani yakikataa kudondoka, fanya kama Wajapani, yapukutishe kwa mkono mwezi wa mwisho ili hewa ipite kwenye maganda.

Ngozi imepasuka nyufa nyeupe: imekauka haraka mno. Mbegu kubwa ukizianika juani kwenye zege ngozi inakaza kabla ya ndani, inachanika. Ng'oa mmea mzima, uning'inize kichwa chini kivulini penye upepo, pura ukiwa umekauka wote, malizia kwenye ungo ndani ya nyumba. Mvua kunyeshea maganda makavu nayo inaleta mikunjo na nyufa hizohizo, kwa hiyo utabiri ukisema mvua ya siku tatu, vuna usingoje. Zilizopasuka kula, usiweke mbegu.

Ukikata ni kijani ndani: kama ni seoritae ndivyo ilivyo, Tanba ndani ni njano.

Zimechanganyika, nyingine kahawia au njano: soya inajichavusha kwa hiyo kuchanganyika hivi mara nyingi kumetokea kwenye ungo au pakiti na sio bustanini. Na kwa sababu ngozi ya mbegu ni mwili wa mmea mama, mbegu zote za mmea mmoja zinakuwa na ngozi ya aina moja, kwa hiyo pura mmea mmoja mmoja, ule wenye rangi tofauti uutenge wote.

Na zikipikwa zinapoteza weusi zinakuwa kahawia ya kufubaa: rangi yake ni ileile ya zabibu na zambarau, inayeyuka majini. Japani wakipika za mwaka mpya wanatumbukiza msumari wa chuma sufuriani, chuma kinashika ile rangi isitoke. Loweka na upike kwenye maji yaleyale, usimwage, na kama huna msumari safi sufuria ya chuma cha kusubu inafanya kazi hiyohiyo.